Pampu ndani ya soksi: kisa cha binti wa mita 800

Siku ya nne ya kambi, kama saa moja na nusu asubuhi, binti mmoja wa netiboli alinijia mbio, ndala mguu mmoja. "Madam, Mianane hawezi kuongea." Nilikuwa nahesabu sahani za chai. Nikamwambia amwache mwenzake apumzike, si ametoka kukimbia? Akarudia, safari hii bila kupunguza sauti: "Madam, nimesema hawezi kuongea."

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya zile sekunde nilizoendelea kuhesabu sahani, na kwa sababu ya mambo yaliyofanyika wiki tatu nyuma yake, ambayo wakati ule hakuna aliyeona yanahusiana vipi na kifua cha mtoto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka ule nilikuwa matroni wa wasichana kwenye kambi ya timu ya mkoa wa Mwanza, tukijiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kwa asiyeujua mfumo wenyewe: watoto huchujwa kuanzia shuleni, kwenye kata, wilayani, hadi mkoani, na wanaobaki huwekwa kambini kabla ya kwenda mashindano ya taifa. Kambi yetu ilikuwa kwenye shule moja ya bweni upande wa Ilemela; ukisimama mlango wa jikoni unaliona ziwa katikati ya mawe. Jina la shule naliacha, na la mtoto pia. Mianane ni jina alilopewa na wenzake, maana pale kila mtu aliitwa kwa mchezo wake. Alikuwepo Tufe, alikuwepo Kijiti wa mbio za kupokezana, na kipa mmoja waliyemwita Nyavu, jina ambalo kipa mwenye akili timamu angelikataa siku ya kwanza.

Mianane alikuwa darasa la sita, miaka 13, anatoka Ukerewe. Mama yake anaanika dagaa mwaloni, pale inapotua mitumbwi ya uvuvi. Mbio za wilaya alizikimbia peku na kumwacha wa pili mbali kiasi kwamba mwalimu mwenye saa alidhani amekosea kuibonyeza. Hakuwa amewahi kulala nje ya kisiwa.

Tuanze na mkutano wa wazazi, kwa kuwa kosa lilianzia huko.

Mkutano ulifanyika Mwanza mjini siku ya Jumamosi. Wazazi wa Nyamagana na Ilemela walijaa. Wa Magu na Misungwi walikuja wachache. Wa Ukerewe hakuja hata mmoja. Meli ya kutoka Nansio inachukua zaidi ya saa tatu, nauli ni ya kwenda na kurudi, na siku ya jua kwa mwanika dagaa ni siku ya mshahara. Lipo na jingine ambalo sisi wa nchi kavu tunalisahau upesi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka jirani kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanaona nchi kavu. Wapo akina mama kule ambao tangu siku hiyo hawavuki maji ila kwa msiba. Sisi kwenye muhtasari tuliandika "wazazi wa Ukerewe hawakuhudhuria", tukaenda ajenda inayofuata.

Ajenda yenyewe ilikuwa vifaa. Shuka mbili, chandarua, ndoo, sabuni, taulo za kike, njumu kwa wa mpira, raba kwa wa riadha. Rangi ya traksuti ilitumaliza karibu saa nzima, kwa sababu mzazi mmoja alikuwa ameshanunua ya bluu. Kisha mchango wa nauli, na hapo wote tukawa wanasiasa. Afya ilipata sentensi moja kutoka meza kuu: "Mtoto mgonjwa asiletwe kambini, hatutaki lawama." Nilikuwa nimekaa meza hiyohiyo. Niliitikia kwa kichwa, na moyoni niliona jambo limesemwa vizuri.

Halafu ikaja fomu. Ya Ukerewe ilipelekwa na mwalimu wao kwenye bahasha, ikarudi kwenye bahasha. Swali la afya lilikuwa moja: *Je, mtoto ana ugonjwa wowote wa kudumu? Ndiyo / Hapana.* Chini yake sahihi ya mzazi na ya mwalimu mkuu. Niliyepokea fomu ni mimi. Watoto walikuwa tisini na kitu, na fomu zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, zilisema Hapana.

Tulifurahi. Mwenzangu alisema mwaka huu tumepata timu yenye afya. Ilibidi mtu mmoja tu asimame aulize: Kanda ya Ziwa hii hii? Hii ni kanda inayotajwa miongoni mwa zenye selimundu nyingi zaidi nchini. Kichocho ni cha maji haya haya wanayoogea watoto wetu. Malaria haijatuaga. Ukikusanya watoto tisini kutoka mwambao huu na usipate hata mmoja mwenye pumu, kifafa, selimundu, au aliyelazwa mwaka uliopita, ujue swali lako ndilo lililoumwa.

Fungu la Ukerewe lilifika jioni na meli, wamechoka, wawili wametapika. Tukawapokea kwa majina, vitanda na wali. Matranka yalikaguliwa kutafuta simu na visu. Mimi mwenyewe nilikagua begi la Mianane: nguo, michembe kwenye mfuko wa rambo, dagaa wa kukaanga kwenye kopo la rangi lililosuguliwa hadi likang'aa, na soksi za shule zimekunjwa kama mpira. Soksi niliziminya kidogo. Nilihisi kitu kigumu, nikadhani ni hela za akiba zimefungwa na kitu kingine, nikaona haya kumfunulia mtoto hela zake mbele ya wenzake. Ile ilikuwa pampu ya pumu, ya bluu, ya salbutamol. Mama yake alikuwa amemwelekeza kisiwani: vuta ukiwa chooni, mtu asikuone.

Usiku wa pili alikohoa. Kikohozi kikavu, cha saa tisa za usiku. Nikamletea maji ya moto yenye tangawizi, nikamfunika. Usiku wa tatu wasichana wa kitanda cha jirani walilalamika kwamba mwenzao "anapiga mluzi kifuani". Neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na ni neno ambalo daktari yeyote angeacha chakula akalifuata. Mimi nilisema ni vumbi, kesho tutafagia vizuri.

Na tulifagia kweli. Kwa mifagio mikavu, madirisha yamefungwa ili mbu wasiingie, wasichana thelathini chumba kimoja, vumbi la magodoro yaliyolaliwa na vizazi likapanda hadi darini. Jioni yake wadudu wa ziwani walikuja, wale wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi; wenyeji mnawajua, ukifungua mdomo umekula. Wakafa kwenye taa, wakamwagika sakafuni, asubuhi tukawafagia nao. Na jiko la kuni lilikuwa hatua kama ishirini kutoka dirisha la bweni, upande unaotoka upepo. Ukimwambia mtu akupangie chumba cha kumbana mtoto mwenye pumu, angefanya karibu hayo hayo.

Asubuhi ya siku ya nne ilikuwa ya kupima muda. Juni alfajiri pale kuna ubaridi mkavu kutoka maji hadi mawe. Kocha wa riadha, mtu ninayemheshimu, aliwaamsha saa kumi na mbili kasoro, wakanyoosha viungo dakika tatu au nne, wakapangwa kwenye mstari. Mianane, asiyewahi kuwa wa pili, akawa wa tatu. Kocha akasema mbele ya wote: "Umeshiba wali wa mkoa?" Wakacheka. Naye akacheka, alivyonisimulia baadaye, huku anahesabu hatua za kufika chooni.

Nilimkuta ameketi ukingo wa saruji nyuma ya vyoo. Mikono yote miwili ameikita magotini, mabega yamepanda yamegusa masikio. Kila akivuta pumzi, kile kishimo cha chini ya koo kilikuwa kinaingia ndani kama mtu anakibonyeza kwa kidole. Nikamuuliza unaumwa wapi. Akanitazama. Akasema "Ma" tu, akavuta. "Dam", akavuta tena. Mkononi pampu. Akaibonyeza mbele yangu, sasa bila kujificha, na haikutoa hata ile sauti yake ya *fsss*. Ilikuwa imekwisha.

Watu wakajaa. Mmoja akasema mlazeni chini. Mwingine akaja na maji ya kummwagia kichwani. Tulijaribu kumlaza, na yule mtoto mwenye adabu za kisiwani ambaye kila asubuhi alinipigia goti, alinisukuma kwa mikono miwili. Alijua asichokijua mtu mzima hata mmoja pale: ukimlaza mwenye pumu iliyombana, unampunguzia hata ile hewa kidogo aliyobaki nayo. Mwenye kubanwa hukaa wima, ameinama mbele kidogo, nguo shingoni zimelegezwa, na watu wanamwondokea.

Nesi wa kambi alikuwa anakuja mchana. Gari la kambi lilikuwa limekwenda sokoni kuchukua mchele. Tulipanda bajaji, mimi nimemkalisha, yule wa netiboli ameng'ang'ania nyuma kwa kuwa nilisahau kumwambia abaki. Kwenye kituo cha afya walimwekea kipumulio cha mvuke chenye dawa, wakampa oksijeni na vidonge vya prednisolone vya kutuliza uvimbe. Kama saa nne hivi kile kishimo cha kooni kilitulia. Mluzi ukabaki, lakini wa mbali. Alipoweza kutoa sentensi nzima, sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Madam, nimekatwa?"

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia hasa. Mtoto ametoka kukosa pumzi, na anachokiogopa ni orodha.

Nilimpigia mama yake kwa namba ya mwenye duka, akaitwa kutoka mwaloni. Alianza kwa kukataa. "Mwanangu hana pumu, mwalimu, ni kifua tu, akipata baridi." Nikamwambia pampu ninayo mkononi. Kimya. Nasikia watu wa dukani, mtu anauliza bei ya sukari. Halafu akaniuliza swali, pole pole, bila ugomvi: "Mwalimu, ningeandika Ndiyo, mngemchukua?"

Sikuwa na jibu. Na yeye alikuwa na ushahidi. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja wa kifafa alirudishwa kwao siku ya kwanza ya kambi, kwa maneno haya haya ya "hatutaki lawama", na mwalimu aliyemrudisha alimsindikiza hadi gatini akamwacha na tiketi. Habari hiyo ilifika kisiwani kabla ya meli. Kwa hiyo mama huyu alipokabidhiwa fomu yenye Ndiyo na Hapana, alikuwa anachagua kati ya kusema kweli mtoto abaki nyumbani, na kusema uongo mtoto akimbie. Akachagua, kisha akaweka tahadhari aliyoiweza: pampu ndani ya soksi. Nimeshasikia watu wakiliita jambo hili ujinga wa wazazi. Mimi naona alipiga hesabu sawasawa, kwa tarakimu tulizompa sisi.

Hesabu yake ilikuwa na tundu moja. Pampu ile ilikuwa ya watu wawili. Bibi yake Mianane naye ana kifua, na mle nyumbani walikuwa wanachangia. Pampu za aina hiyo kwa kawaida hutoa mvuto 200, na ya kwao haikuwa na kihesabio. Hakuna aliyejua imebaki na kiasi gani siku ilipokunjwa kwenye soksi. Kambini, kwa vumbi letu na moshi wetu, akawa anavuta mara nne au tano kwa siku badala ya mara mbili kwa wiki, na siku ya nne ikaisha.

Daktari wa kituo, kijana mmoja mwenye haraka, alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua miaka kumi nyuma. Ile ya bluu inafungua njia ya hewa, haitibu kilichoivimbisha. Mtoto akiitegemea hiyo peke yake anaonekana mzima huku njia zake zinazidi kuvimba chini kwa chini, na kadiri anavyoitumia sana ndivyo anavyokutangazia kwamba hali inaharibika. Mwongozo wa kimataifa wa pumu uliacha kushauri dawa ya kufungua pekee kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na kuendelea tangu 2019. Inatakiwa na ya kutuliza uvimbe, ya kuvuta vilevile. Akaandika. Ya bluu tuliipata duka la kwanza. Ile nyingine tulizunguka nayo mji, na bei yake mama wa dagaa hawezi kuilipa kila mwezi bila msaada. Hili silo la kambi kulimaliza, lakini ni vizuri mwalimu alijue kabla hajamlaumu mzazi kwa "kutomfuatilia mtoto".

Kambini tulirudi kwenye mabishano. Mwalimu mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba pampu ni dawa ya kuongeza nguvu na mtoto akikutwa nayo mkoa mzima utafungiwa. Nililala na hofu hiyo usiku mmoja. Ukweli ni kwamba salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa na shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA, mradi isizidi mikrogramu 1,600 ndani ya saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Mvuto mmoja wa pampu ya kawaida una mikrogramu 100. Kwa hiyo mwanariadha ana mivuto 6 ndani ya saa 8 bila kuhitaji kibali cha mtu. Akihitaji zaidi ya hapo anahitaji daktari, siyo mstari wa kuanzia. Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa na pumu tangu utotoni, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia iliyodumu miaka 16. Habari hii nilimpa Mianane akiwa kitandani. Aliuliza kama huyo Paula naye alikuwa anavutia chooni.

Kuhusu kubaki kwenye timu, daktari alisema apumzike siku tatu, amalize vidonge, aangaliwe tena. Siku hizo tatu ndizo zilizokuwa za mchujo wa mwisho. Kocha hakumkata kwa ubaya, muda uliisha tu. Nafasi ya mita 800 ikachukuliwa na binti wa Kwimba, aliyestahili. Mianane alirudi Nansio na meli, mimi nikimsindikiza. Kwa haki ya michezo uamuzi ulikuwa sahihi, na sina namna nyingine ambayo ningeamua. Lakini hebu uone kilichofika kisiwani: mtoto amegundulika, mtoto amerudishwa. Mambo ya wa kifafa yamejirudia. Somo walilolipata akina mama wa mwaloni kutoka kambi yetu lilikuwa moja: mwakani fungeni soksi vizuri zaidi.

Ndiyo maana mwaka uliofuata nilikataa kupokea fomu kabla ya kuvuka maji.

Tulibadilisha vitu, vingi vidogo. Bweni linapigwa deki, halifagiliwi pakavu. Jiko likahamia upande wa pili. Nesi anakuwepo asubuhi wakati wa mazoezi, mchana ndio anaweza kwenda kwake. Lipo gari au bajaji yenye dereva anayejulikana, haliendi sokoni kabla mazoezi hayajaisha. Simu kwa wazazi ni jioni, kila mtoto dakika zake, na siku ya tatu tunaiangalia kwa jicho la pekee kwa kuwa ndiyo siku ya kulia. Hayo kambi yoyote yenye akili itayapata.

Mtoto mwenye pumu anakuwa na pampu mbili: moja anatembea nayo mwenyewe mazoezini, ya akiba iko kwa matroni, na zote zinajaribiwa siku ya kufika. Anavuta mivuto miwili dakika kumi na tano kabla ya mazoezi kama daktari alivyoelekeza, na kupasha mwili kunachukua dakika kumi na tano kwenda juu, siyo tatu. Pumu ya mazoezi mara nyingi hubana baada ya kusimama, dakika tano au kumi hivi, pale ambapo kocha ameshageukia kundi lingine. Kocha sasa anabaki na wakimbiaji robo saa baada ya mbio, na anaongea nao. Anawauliza vitu vya kipuuzi, umekula nini, mechi ya Simba na Yanga unaionaje. Anayeshindwa kumaliza sentensi anaonekana hapo hapo. Akibanwa: anakaa wima, mvuto mmoja, pumzi nne, mvuto mwingine baada ya nusu dakika hadi dakika, mpaka mivuto kumi, huku gari limeshaitwa. Midomo ikibadilika rangi au maneno yakikatika, msisubiri hiyo kumi, ondokeni, mvuto unaendelea njiani. Na kwa kuwa mtoto aliyebanwa hawezi kuvuta na kubonyeza kwa pamoja, tunayo chupa ya maji ya nusu lita, chini imetobolewa tundu la ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni kwa plasta. Pampu inaingia kitako, mtoto anashika mdomo wa chupa. Chupa hiyo inafanya kazi ya kile kifaa cha dukani vizuri tu, na inapatikana kila uwanja wa Tanzania.

Fomu ndiyo iliyonichukua muda. Ndiyo/Hapana tuliifuta. Maswali sasa yanauliza mambo yanayofanyika nyumbani: mtoto akikohoa usiku mnampa nini? Mara ya mwisho kulazwa ilikuwa lini? Kuna dawa gani anakunywa, anavuta au anapakwa, hata ya kienyeji? Kitu gani akikila anavimba? Amewahi kuanguka akapoteza fahamu? Mzazi anayeona aibu kuandika jina la ugonjwa ataandika bila shida kwamba usiku anampa mtoto mvuke wa majani. Na juu kabisa, kabla ya jina la mtoto, tuliandika kwa herufi kubwa: MTOTO AMESHACHAGULIWA. JIBU LOLOTE HAPA HALIMWONDOI KWENYE TIMU.

Sentensi hiyo iligombaniwa. Viongozi waliniuliza, na akiwa mgonjwa kweli wa kutocheza? Nikasema daktari ndiye atakayesema hachezi leo, na jina lake litabaki kwenye orodha, atakaa benchi na traksuti ya mkoa kama wenzake, atakula wali wa mkoa. Walikubali shingo upande. Fomu ikawa inatolewa baada ya majina kutangazwa, kamwe siyo kabla.

Nansio tulifanya mkutano chini ya mti karibu na mwalo, saa kumi jioni, dagaa wakiwa wameshaanuliwa. Walikuja wengi, wengine na beseni zao. Nilieleza kisa bila kumtaja mtu. Kumbe mama mwenyewe yupo, amekaa nyuma. Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Huyo mtoto anayesemwa ni wangu. Mwaka jana niliwadanganya walimu. Mwaka huu amechaguliwa tena, na pampu hii hapa." Akamwita binti. Mianane akaja mbele akiwa ameivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kama filimbi ya refa, uso wote aibu. Mzee mmoja akauliza kama inauma. Akavuta, wote wakaona. Watoto wadogo waliokuwa wamepanda mtini wakaiga: *fsss*.

Na watoto nao tuliongea nao peke yao, wazazi wakiwa mbali, kwa kuwa mtoto wa michezo amelelewa na neno vumilia. Vumilia njaa, vumilia jua, vumilia kocha. Tukawafundisha sentensi ya kusema kabla ya kuvumilia: "Mwalimu, nimebanwa." Waliirudia kwa sauti, kila mmoja zamu yake, kwa vicheko, maana kwa mtoto kubanwa ni choo. Nikawaacha wacheke. Atakayesema amebanwa ataruhusiwa kutoka mstarini bila kuulizwa ni kipi kimembana. Choo nacho ni sababu.

Tangu mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, naulizwa zaidi na wazazi kuhusu riadha: kula nini, raba gani, lini aanze. Naipenda shauku hiyo. Siku hizi namjibu mzazi nikimtangulizia maswali yangu ya usiku.

Fomu za Ukerewe mwaka ule zilikuja kwangu kwa mkono, siyo kwa bahasha. Nilizisoma melini tukirudi, upepo ukitaka kuzichukua. Mmoja anaumwa kichwa akikaa na njaa. Mmoja kaka yake ana selimundu na yeye hajawahi kupimwa, tukampima. Wawili pumu, ukimjumlisha Mianane watatu. Na moja, ya mvulana wa mpira wa miguu, mlinzi mkubwa mwenye sauti iliyokwisha kuvunjika, mama yake alikuwa ameandika nyuma ya karatasi kwa kalamu ya risasi, maandishi madogo kama hataki yasomwe: *anakojoa kitandani akichoka sana naomba asijue nimewaambia.*

Tuliposhuka Mwanza nilipitia dukani, nikanunua nailoni ya kufunikia magodoro. Tukaitandika kwenye vitanda vyote vya bweni la wavulana, kimoja baada ya kingine, na walipouliza tukawaambia ni kwa ajili ya kunguni.